Mbegu Tatu Zisizo na Manyoya

Kwa miaka minne kazi yangu ilikuwa kutazama uchafu. Sisemi hivyo kwa kujidharau, ndivyo ilivyokuwa. Nyumba ya mbegu ya Kasongo, miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, ilikuwa chumba kimoja cha matofali chenye dirisha pana, meza iliyopakwa rangi nyeupe, na mimi. Mpunga wa mbegu ukitoka kijiji kimoja kwenda kupandwa kingine, lazima kwanza konzi chache zake zipite mbele ya macho yangu. Nilikuwa na sahani ya bati, kibanio cha chuma na lupu, kile kioo kidogo cha kukuza vitu, unachokishikilia jichoni mpaka shingo inakufa ganzi. Nilisukuma punje za mpunga upande mmoja, na kilichobaki ndicho kilikuwa changu: makapi, mchanga, miguu ya panzi, na mbegu za magugu.

Nilikuwa nimemaliza shule ya mapadri nikiandika Kifaransa bila kosa. Nilitegemea kiti cha ofisini na muhuri wa kugonga. Wenzangu wa darasa waliopata mihuri walipita dirishani na baiskeli zao wakiniuliza, "Karani ya takataka, leo umevuna nini?" Niliwajibu maneno ambayo padri asingeyapenda.

Lakini niliipenda kazi ile, na hilo sikumwambia mtu. Bwana agronomu, Mbelgiji mwembamba aliyekuwa msimamizi wa kilimo, alinifundisha mwenyewe kwa Kingwana, Kiswahili chetu cha huku, alichokivunja-vunja. Siku ya kwanza aliniwekea mezani ua la alizeti, akalipasua katikati kwa kisu. "Hii hapana maua moja," akasema. "Hii iko kijiji nzima." Nikatazama kwa lupu nikaona kweli: maua madogo mamia yamekaa sahani moja, na kila moja linazaa mbegu yake. Akaniambia magugu mengi ya kwetu ni jamaa moja na alizeti, ila yenyewe hayangoji ndege wala mtu. Kila mbegu imevaa kishungi cha manyoya kichwani, na ikikomaa inaondoka na upepo bila kuaga.

Kosa la mwanafunzi ni kutazama manyoya. Manyoya ni mazuri, na ni waongo. Gunia likitikiswa tu yanakatika, mbegu inabaki kipara, na ukiwa umezoea kuitambua kwa kofia yake umekwisha. Jifunze mwili, alisema bwana agronomu, nami nikajifunza. Ile mboga ya porini ambayo mama zetu wanaipika na mawese, mbegu yake ni ya kahawia, ina mistari iliyonyooka kama imechorwa kwa rula. Yale majani ya kusugulia kidonda, mbegu yake ni nyeusi yenye pembe tano, na kichwani haina nywele bali vigamba vitano vidogo. Nilizijua kama watoto wa jirani. Ungeniletea mbegu moja isiyo na nywele, iliyopondeka, ningekwambia ni ya nani.

Na palikuwa na yule mgeni. Watu waliyaita majani ya gunia, kwa sababu yalikuja na magunia ya serikali yenyewe, yale waliyotuazima ya kutilia pamba. Hakuna aliyeyaona kabla ya hapo. Yalikuwa yanafika magotini, yana maua madogo yasiyo na haya wala harufu, na ukiyang'oa shina linakatika mkononi mwako, mzizi unabaki chini unakucheka. Yanatoa manyoya juma lile lile mpunga unapoiva. Mbegu yake ni ya rangi ya jivu, imepinda kidogo kama kipande cha ukucha, na chini kabisa, pale iliposhikamana na ua, ina pete nyeupe. Pete hiyo haitoki. Utaivua manyoya, utaipukuta, utaikanyaga, pete ipo.

Sheria ilikuwa fupi. Mbegu moja tu ya majani ya gunia ikionekana katika mpunga wa mtu, mpunga wote wa mtu huyo unachomwa, wa shambani na wa ghalani, na shamba linageuzwa la pamba. Wao walituletea gugu, wao wakatuandikia adhabu yake. Hata leo nikilifikiria jambo hili damu inachemka, ingawa sina haki ya kumkasirikia mtu, kama utakavyosikia.

Mama yangu alikuwa akiishi kijijini upande wa Lusangi, njia ya kwenda Kabambare. Alikuwa mjane. Alilima shamba la pamba la lazima kama kila mtu, na kapita, mnyapara wa serikali, alikuwa akipita kuhesabu mistari. Pembeni, bondeni, alikuwa na shamba la mpunga, na huo mpunga ndio uliokuwa wake. Ulikuwa na maganda mekundu na mkia mrefu kwenye punje. Aliupata kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake, tangu siku za Waarabu wa Kasongo. Wengine wote walikuwa wamekwisha kuuacha, kwa kuwa unachelewa kuiva. Mama alibaki nao. Kila mwaka alichagua masuke ya mbegu kwa mkono wake, akayafunga na kuyaning'iniza juu ya moshi wa jiko. Baba alipokufa, watu wa upande wake walipochukua vitu, aliwaambia wachukue hata kitanda, wamwachie masuke. Wakamwachia. Nani angegombania masuke?

Mwaka wangu wa tatu pale, amri ikatoka kwamba kila mlimaji wa mpunga alete mfano wa mavuno yake, kikapu kidogo, uchunguzwe Kasongo. Na amri ikasisitiza: ulete kama ulivyotoka kiwanjani mlipopigia mpunga, pamoja na makapi na vumbi. Usiusafishe.

Sasa mtu asiye wa kwetu hawezi kujua hapo tulidaiwa nini. Kwetu mwanamke hampi mtu mpunga ambao haujapepetwa. Hampi hata adui. Ukimpelekea jirani konzi tatu za mpunga wenye makapi, umemwambia kwamba yeye ni kuku, na umejitangaza kwamba mama yako hakukulea. Wasichana walirudishwa kwa wazazi wao kwa sababu hiyo. Na hapa serikali inataka ulete takataka mjini, na jina lako limeandikwa kwenye karatasi iliyofungwa kwenye kikapu! Vijijini wanawake walisonya. Wengine walimpa kapita alete, ili wasionekane.

Mama hakumpa kapita. Alitembea siku mbili na kikapu kichwani, akafika kwangu. Nilikuwa nimepanga chumba katika ua wa familia moja ya Waislamu wa mjini, wauza duka, na mama mwenye nyumba alimpokea vizuri, akampa maji ya kuoga na chai. Asubuhi niliamka nikasikia sauti niliyoijua kabla sijajua kusema: ungo, na mpunga ukiruka na kuanguka ndani yake. Nikatoka mbio. Mama alikuwa amekaa katikati ya ua, ungo wa kuazima mikononi, amemaliza. Upepo wa asubuhi ulikuwa mzuri. Makapi yote yalikuwa yamekwenda.

"Mama, umefanya nini?" nikasema. "Walisema muulete vile unatoka ku kiwanja."

"Baba," akasema. Aliniita hivyo kwa sababu nina jina la baba yake. "Mupunga ya kupeleka mbele ya watu haiende na uchafu. Watasema nini? Watasema mama ya karani hajue kupepeta?"

"Ni amri."

"Amri iko ya wanaume. Weye utaweka hii mu meza yako, mbele ya ule muzungu, na jina yangu iko juu. Mimi sitaki upate haya."

Mpunga ulikuwa unang'aa kwenye ungo, mwekundu, safi kama shanga. Nilikasirika, halafu nikaona fahari, na fahari ikashinda. Nilijua kikapu kile sasa hakikuwa mfano wa kitu chochote. Ilinipasa niseme mfano huu haufai, uletwe mwingine. Lakini ningemrudisha mama siku mbili za njia, kisha siku mbili tena, kwa ajili ya kuleta uchafu? Nikajiambia kwamba shamba lake liko bondeni, mbali na njia ya magunia. Nikajiambia mengi.

Nilipokuwa nikifunga baiskeli, mama mwenye nyumba alitoka na kanzu ya mume wake aliyokuwa ameianika kambani, bado mbichi. Imejaa manyoya meupe upande mmoja. "Angalia hii," akasema, akicheka bado. "Mama yako ametupandia sufi." Nikamsaidia kuyatoa kwa vidole. Mikono yangu ilikuwa inayajua manyoya yale. Nikamwambia ni sufi, kweli, kuna msufi huko nyuma ya msikiti.

Mezani nilimwaga mpunga wa mama kwenye sahani. Nilianza kusukuma punje. Hakuna makapi, hakuna mchanga, na nikaanza kupumua. Nilipofika karibu na mwisho, zilibaki mbegu tatu. Hazikuwa na manyoya. Kupepeta kulikuwa kumepeleka zenye vishungi kwenye kanzu ya mwenye duka, lakini hizi tatu zilikuwa zimekatika nywele zamani, na mbegu isiyo na nywele ni nzito kiasi cha kuanguka pamoja na mpunga. Nikaweka lupu. Za rangi ya jivu. Zimepinda kidogo. Nikazigeuza kwa kibanio, moja, ya pili, ya tatu, nikaona pete.

Sikukosea kuzitambua. Mke wangu, niliyemwoa miaka mingi baadaye na ambaye ndiye mtu pekee aliyepata kusikia habari hii, amenitetea: labda macho yalichoka, labda ilikuwa ile ya mboga. Hapana. Ile ilikuwa kazi pekee niliyowahi kuijua vizuri maishani mwangu, na siku ile niliijua vizuri kuliko siku zote. Niliona shamba la bondeni linawaka. Nilimwona mama anashusha masuke juu ya jiko na kuyaweka mikononi mwa kapita. Alikuwa nje wakati ule, amekaa kwenye kivuli cha ukuta akinisubiri, anatafuna muhogo mbichi.

Nikainama juu ya sahani nikazipuliza. Haikuchukua hata pumzi nzima. Kisha nikaandika kwenye karatasi yake neno moja: safi.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi sikuudharau, niliujua ulivyo, nikaukanyaga kwa makusudi, lakini mguu uliovimba haukuwa wangu.

Ningekuwa na akili ningeweka karatasi ile katikati ya nyingine ikasahauliwa. Lakini bwana agronomu aliingia mchana, akatia mkono kwenye kikapu, akasimama. "Mupunga ya nani hii?" Alikuwa hajaona mfano safi namna ile tangu afike Maniema, na angeuonaje, wakati wengine wote walikuwa wametii amri? Akatazama karatasi yangu. Akasema mpunga huu ndio utakuwa mbegu ya msimu ujao, vijiji vyote vya njia ya Kabambare vipewe, mpaka karibu na Salamabila. Akatoka nje akamshika mama mkono. Mama hakujua mkono wa mzungu unashikwaje, akaushika kwa miwili, akapiga goti. Alirudi kijijini akiwa amelewa furaha. Mpunga wa mama yake, uliokuwa umebaki kwa mtu mmoja, sasa utapandwa na watu wote.

Kamioni, lori la serikali, ikaenda kuchukua magunia kwake. Yale hayakupepetwa, maana ni mzigo wa serikali na si zawadi. Hayakuletwa mezani kwangu pia, kwa sababu karatasi yake ilikuwa tayari imesema safi. Niliyaona yakipita barabarani juu ya kamioni, na kwenye nyuzi za magunia palikuwa na vishungi vyeupe vinatikisika. Nilikuwa na nafasi ya pili pale. Ningeweza kuinua mkono tu. Nilisimama na baiskeli yangu mpaka vumbi likatulia, kisha nikaenda kula.

Msimu uliofuata majani ya gunia yalitokea vijiji tisa kwa mara moja. Kwanza watu waliyapalilia wakicheka, kisha hawakucheka. Mpunga ulipotoa masuke, mashamba yalikuwa meupe, na mpunga uko chini umenyongwa. Bwana agronomu alikwenda na askari, akapanga watu kiwanjani kijijini kwa mama, na mimi nikachukuliwa na daftari langu kama shahidi. Sultani, mkuu wa kijiji, alikuwa amekaa kitini, kichwa chini. Agronomu akasoma karatasi yangu kwa sauti. Safi. Akanigeukia. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lilinimaliza: hakuuliza kwa hasira. "Weye hapana naona kitu?"

Nilikuwa nimeamua kusema, nataka mtu aniamini. Nilikuwa nimeamua tangu Kasongo, njia nzima. Lakini yule askari alikuwa na fimbo, na mbele yangu kulikuwa na watu mia waliokuwa hawana chakula cha mwaka, na nilikawia. Muda wa kumeza mate tu. Mama akatoka katika mstari.

"Ni miye," akasema. "Miye nilipepeta. Mutoto alinikataza, miye sikusikia. Hakukuwe kitu mu kikapu cha kuona. Miye niliondoa yote na upepo. Hapana kumupiga mutoto wangu."

Watu wakanung'unika. Agronomu akamtazama, akamtazama tena, akapiga paji la uso kwa kiganja, akacheka kicheko kibaya cha mtu aliyepata jibu. Sasa alielewa. Akaeleza kwa sauti, kwa Kingwana chake, jinsi ungo unavyotenganisha, na jinsi ujinga wa mwanamke mmoja unavyoweza kuharibu kazi ya mwaka mzima. Alikuwa sahihi kuhusu ungo. Kuhusu mengine mimi ndiye niliyejua, na nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake na daftari kwapani.

Walichoma siku ile ile. Mashamba kwanza, kisha maghala, kisha wakaingia jikoni kwa mama wakateremsha masuke. Hakulia. Alimwambia askari ayashike kwa kamba, si kwa punje, zitapukutika. Mpunga ule mwekundu haupo tena. Nimeutafuta. Nimekwenda mpaka ng'ambo ya Lualaba kuuliza wazee, wananitajia rangi wanayoikumbuka, hawana hata punje. Gugu ndilo lipo. Upepo wa moto uliliinua juu kuliko mwaka wowote, likavuka mto.

Na watu wa njia ile wakaacha kuliita majani ya gunia. Wakaliita kwa jina la mama yangu. Hata leo mtoto akitumwa kupalilia ataambiwa aling'oe kwa jina hilo, na hajui kama lilikuwa la mtu. Jina lenyewe siliandiki hapa.

Mimi sikufukuzwa. Nilipandishwa cheo. Bwana agronomu alisema mahali pana watu wa kupepeta panahitaji jicho kali zaidi, akaniongezea meza ya pili na mtu wa kunisaidia. Niliendelea kusema hii ina gugu, ile haina, na mashamba ya watu yakachomwa kwa neno langu, na kila mara lilikuwa neno la kweli.

Miezi ile mama alifanya jambo ambalo hakuna aliyemwambia afanye. Alikwenda vijiji vile tisa kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kuomba radhi. Nilipata ruhusa nikamfuata vijiji viwili. Anafika mlangoni, anavua kitambaa cha kichwa, anasema mbele ya mwenye nyumba: "Ni miye nilipepeta." Wengine walimpa maji. Mmoja alimmwagia. Nilisimama nyuma yake kila mlango, na kila mlango nilijiambia kwamba mlango unaofuata nitasema mimi. Milango ikaisha.

Tuliketi kando ya njia kupumzika, yeye akasugua miguu yake. Ilikuwa imepasuka visigino. Nikamwambia, "Mama, inatosha, uende nyumbani." Akasema bado mmoja. Nikamuuliza nani, maana nilidhani kijiji kimeisha. Akavua tena kitambaa cha kichwa. Akakikunja, akakiweka mapajani, akanigeukia kwa heshima ile ile aliyowapa wenye nyumba.

"Weye uliniambia ni amri, na miye sikusikia," akasema. "Niliharibu jina yako mbele ya wazungu. Baba, unisamehe."

Alikuwa akinitazama usoni, anangoja. Nikamwambia nimemsamehe.